Mnyama wa Maabara Analindwa Kwenye Ukurasa wa Marekebisho

Tuseme ni asubuhi ya Jumatano katika maabara ya chuo kikuu kimoja nchini Marekani. Mtafiti anakagua vizimba vya panya kumi waliofanyiwa upasuaji jana yake. Saba wanatembea, wanakula, wanafukua maranda kama kawaida yao. Watatu wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, masikio yamelala nyuma, macho nusu yamefumba. Aliyezoea kuishi na panya hahitaji mashine kuisoma hali hiyo: wana maumivu. Andiko la utafiti lililoidhinishwa na kamati miezi minne iliyopita linasema dawa ya kutuliza maumivu itatolewa mara tu baada ya upasuaji, kisha tena baada ya saa 12. Ni dhahiri sasa kwamba saa 12 ni nyingi mno.

Kwa wale watatu hakuna cha kusubiri. Daktari wa wanyama wa chuo anayo mamlaka ya kuwatibu papo hapo, na akiona hawaponi anaweza kuamuru wauawe bila mateso. Lakini wapo panya wengine 40 ambao zamu yao ya upasuaji bado haijafika. Kwa hao, mtafiti hawezi kubadili mpango kwa kuamua tu moyoni mwake, hata kama badiliko lenyewe ni la huruma. Inambidi akae mbele ya kompyuta, aandike nenosiri, afungue andiko lake katika mfumo wa mtandaoni wa chuo, abofye palipoandikwa marekebisho, aeleze anataka kubadili nini na kwa sababu gani, awasilishe, kisha angoje jibu.

Watafiti wengi wanauchukia ukurasa huo. Wanauona ni urasimu unaokula muda wa sayansi, visanduku vya kujaza kwa ajili ya kumridhisha ofisa fulani. Malalamiko yao yana ukweli ndani yake, na yatafikiwa hapa chini. Hata hivyo, ukweli mzito zaidi ni kwamba andiko la kwanza huandikwa wakati mnyama bado ni hesabu tu kwenye karatasi. Marekebisho huandikwa baada ya watu kumwona mnyama mwenyewe, kumshika, na kujua walikosea wapi. Ukitaka kujua kama taasisi inawajali wanyama wake kweli, usianze na andiko lake la kwanza lenye lugha tamu. Soma marekebisho yake.

Utaratibu huu haukushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1965 mbwa mmoja wa madoadoa aliyeitwa Pepper aliibwa kwenye nyumba ya familia moja katika jimbo la Pennsylvania, akapita mikononi mwa wafanyabiashara wa mbwa, na akafia katika maabara ya hospitali jijini New York kabla wenyewe hawajampata. Jarida la Sports Illustrated liliisimulia habari hiyo mwaka huo huo, na mwanzoni mwa 1966 jarida la Life likachapisha picha za mbwa waliokonda wakiwa kwa mfanyabiashara. Wamarekani waliwaka kwa hasira, barua zikafurika katika Bunge lao. Tarehe 24 Agosti 1966 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya ustawi wa wanyama wa maabara.

Sheria hiyo ilishughulika zaidi na biashara na vizimba. Ilimuuliza muuzaji alimpata wapi mbwa wake, na ilitaka mnyama apewe chakula, maji na nafasi. Kilichokuwa kikitendeka juu ya meza ya majaribio kiliachwa kwa mwanasayansi na dhamiri yake.

Miaka 18 baadaye likatokea jambo lililoonyesha hatari ya kuacha hivyo. Mei 1984 wanaharakati walivunja na kuingia katika maabara ya majeraha ya kichwa ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakachukua kanda za video zenye urefu wa takriban saa 60. Kanda hizo walikuwa wamezirekodi watafiti wenyewe, kama kumbukumbu za kazi yao. Ndani yake walionekana nyani wakitikiswa vichwa kwa mashine yenye nguvu ili kuiga kile kinachoupata ubongo katika ajali ya gari. Nyani wengine walijinyonganyonga wakati ambapo walipaswa kuwa wamelala fofofo kwa nusukaputi. Walisikika pia watu wazima, wasomi, wakiwacheka wanyama waliojeruhiwa. Julai 1985 Waziri wa Afya wa Marekani, Margaret Heckler, alisimamisha fedha za serikali zilizokuwa zikiigharimia kazi hiyo, na uchunguzi ulikuta kasoro katika matumizi ya dawa za usingizi.

Hapa inafaa kutulia kidogo. Lengo la utafiti ule lilikuwa jema, kwa sababu ajali za barabarani zinaua na kulemaza watu kila siku, na kujua jinsi ubongo unavyoumia ni hatua ya kujua jinsi ya kuutibu. Wala haikuwa kazi ya kificho, kwani ilikuwa na fedha za umma na maandiko yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba lililoandikwa ndilo linalotendwa, na kwamba pale mkono unapoachana na karatasi, kuna anayeuliza. Mwaka huo huo wa 1985 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mbili zilizolazimisha taasisi za utafiti kuwa na kamati za kusimamia utunzaji na matumizi ya wanyama. Ndizo kamati ambazo leo hupokea maandiko na marekebisho kupitia mtandaoni.

Kwa taasisi zinazopata fedha za afya za serikali ya Marekani, kamati lazima iwe na watu wasiopungua watano. Awemo daktari wa wanyama, mwanasayansi anayefanya utafiti na wanyama, mtu ambaye kazi yake si sayansi, na mtu asiye na uhusiano wowote na taasisi hiyo. Huyu wa mwisho anaweza kuwa mchungaji wa kanisa, mwalimu mstaafu au mwanasheria wa mtaani. Kazi yake ni kuuliza swali ambalo wataalamu wamelizoea mpaka hawalisikii tena: kwa nini panya 60, kwa nini si 30? Kamati hukagua vyumba vya wanyama kila baada ya miezi sita, na idhini ya andiko haivuki miaka mitatu. Ikiisha, andiko huletwa upya lote.

Mtafiti hukutana na neno marekebisho mara mbili. Mara ya kwanza ni kabla ya idhini. Kamati inasoma andiko, inalirudisha na maswali pembeni, na mtafiti anaingia mtandaoni kuyajibu moja baada ya jingine, akibadilisha maneno ndani ya andiko lenyewe. Mara ya pili ni baada ya idhini, kazi inapokuwa imeanza na mambo yamekwenda tofauti na yalivyofikiriwa. Mara hii ya pili ndiyo yenye hatari, kwa kuwa mnyama yupo tayari, fedha zinatumika tayari, na mwanafunzi wa uzamivu anahesabu miezi iliyobaki.

Mwaka 2014 ofisi ya Marekani inayosimamia ustawi wa wanyama wa maabara ilitoa mwongozo wa kupanga marekebisho kwa uzito wake. Kubadili aina ya mnyama, kubadili lengo la utafiti, kumweka mtafiti mkuu mwingine, kufanya jambo litakaloongeza maumivu, au kuanza kumwamsha baada ya upasuaji mnyama ambaye awali alipangwa afe akiwa bado usingizini: hayo yote lazima yasomwe na kamati nzima au na mjumbe aliyeteuliwa kwa niaba yake. Kubadili dawa ya usingizi au ya maumivu, au namna ya kumuua mnyama bila mateso, kunaweza kupitishwa haraka kwa kushauriana na daktari wa wanyama, mradi kamati imeweka sera yake mapema. Kusahihisha herufi, au kumwongeza msaidizi aliyefunzwa, ni kazi ya ofisi tu.

Mpango huo una busara. Unamwezesha yule mtafiti wa Jumatano kupata jibu ndani ya siku chache badala ya kungoja kikao cha mwezi ujao, na panya 40 wakaepushwa na yaliyowapata watatu. Lipo hata hivyo jambo moja katika mwongozo huo ambalo mwandishi wa makala haya hakubaliani nalo. Kuongeza idadi ya wanyama kunaweza kupitishwa na ofisi peke yake, bila hata kumshirikisha daktari, kama kamati imeweka sera inayoruhusu hivyo. Inaeleweka kwa nini: mara nyingi ongezeko ni dogo na sababu yake ni wazi. Lakini kila tarakimu inayoongezwa kwenye kisanduku kile ni kiumbe atakayezaliwa, atakayekaa ndani ya kizimba na kufa kwa ajili ya swali letu. Nyongeza ya idadi ingestahili kusomwa angalau na mtu mmoja anayejua takwimu na mwingine anayejua wanyama, kila mara, bila kujali ni wangapi.

Inafaa pia kujua kwamba panya wa kawaida wa maabara na ndege waliozalishwa kwa ajili ya utafiti hawahesabiwi kuwa wanyama katika ile sheria kuu ya Marekani. Waliondolewa rasmi mwaka 2002. Wanalindwa na masharti ya fedha za serikali, yaani maabara inayopokea fedha hizo lazima iwajali. Maabara ya kampuni binafsi isiyopokea hata senti kutoka serikalini inaweza isibanwe nayo. Panya na vipanya ndio walio wengi kupita wanyama wengine wote wanaotumika katika majaribio, nao ndio ambao sheria imewapa mgongo.

Sasa tuurudie mfumo wenyewe, kwa sababu ulinzi huo wote unapita kwenye kioo cha kompyuta. Aliyewahi kuwasilisha andiko mtandaoni anaujua mtego wa kwanza: mtafiti anajaza kila kitu, anahifadhi, anafunga kompyuta akiamini amemaliza, kumbe hakubofya kuwasilisha. Andiko linabaki rasimu. Wiki tatu baadaye anauliza mbona kamati iko kimya, na kamati haina habari. Wakati huo vizimba vimejaa na kazi imeendelea, akidhani ameshaomba. Kuanza mabadiliko makubwa kabla ya idhini ni kosa ambalo taasisi ya Marekani inayopokea fedha za afya za serikali hutakiwa kuliripoti kwa ofisi husika, hata kama hakuna mnyama aliyeumia.

Mtego wa pili ni kunakili. Mfumo unamruhusu mtafiti kuchukua andiko la zamani na kulifanya msingi wa jipya, na hilo linaokoa muda. Kisha andiko la sungura linakutwa na aya inayoeleza jinsi ya kumshika panya kwa shina la mkia. Msomaji makini akiona hivyo anajua mwandishi hakusoma alichoandika, na anaanza kutilia shaka kipimo cha dawa kilichoandikwa katika ukurasa unaofuata. Ana haki ya kutilia shaka, kwani kipimo cha panya hakimfai sungura.

Wa tatu ni namna ya kujibu maswali ya kamati. Kamati inauliza, kwa mfano, mnyama atapungua uzito kiasi gani kabla ya kuondolewa kwenye jaribio. Mtafiti anajibu vizuri ndani ya kisanduku cha majibu, lakini habadilishi neno hata moja ndani ya andiko. Idhini ikitoka, andiko linalobaki kuwa sheria ya maabara halina jibu lile. Msaidizi wa zamu ya usiku akilifungua kuona afanye nini na panya aliyekonda, hakuti kitu. Maofisa wazuri wa kamati husisitiza hili mpaka wanachosha: jibu liandikwe kwenye kisanduku, na badiliko lifanyike ndani ya andiko, likiwa limewekewa rangi ili msomaji alione.

Nao waliotengeneza mifumo wana la kujibu. Mingi inaonekana kana kwamba ilijengwa na watu wasiowahi kuingia chumba cha wanyama. Kuongeza dozi moja ya dawa kunamlazimu mtafiti kupitia kurasa 20 zisizohusika, mfumo unamtoa nje akikaa kimya dakika chache, na alichoandika kinapotea. Gharama ya adha hiyo hailipwi na mtafiti pekee. Mtu akijua kwamba kuomba badiliko dogo kutamla siku mbili, anashawishika kutoomba. Anaweza kuliacha jambo kama lilivyo, mnyama akaendelea kuumia kwa mujibu wa andiko, au akalibadilisha kimyakimya. Mfumo mgumu hauwazuii wabaya. Unawafundisha watu wa kawaida kuficha. Kwa hiyo anayedai ukurasa wa marekebisho uwe mwepesi kutumia anamtetea mnyama sawasawa na anayedai ukaguzi uwe mkali.

Sayansi yenyewe inafaidika. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kupitia makala 271 za utafiti uliotumia wanyama. Ni 59 tu katika kila 100 zilizoeleza pamoja lengo la utafiti na idadi na sifa za wanyama waliotumika. Zilizosema kwamba wanyama waligawanywa katika makundi kwa bahati nasibu zilikuwa 12 tu katika kila 100. Kutokana na aibu hiyo ulitungwa mwongozo wa kuripoti tafiti za wanyama mwaka 2010, ukaboreshwa mwaka 2020. Maabara inayotunza marekebisho yake vizuri, lini dawa ilibadilishwa, kwa wanyama gani, kwa sababu gani, haipati shida kuandika makala ya kweli. Isiyotunza hubahatisha, na wanyama wake wanakuwa wamekufa kwa ajili ya matokeo ambayo hakuna anayeweza kuyarudia.

Afrika Mashariki si mtazamaji katika habari hii. Msomaji mfugaji analijua jina la sotoka, ama alisimuliwa na babu yake. Ugonjwa huo uliteketeza ng'ombe wa ukanda huu katika miaka ya 1890 na kuwaacha Wamasai na njaa isiyosahaulika. Chanjo zilizotumika Kenya kwa miaka mingi baadaye zilitokana na virusi vilivyopitishwa katika miili ya mbuzi hai, ambao waliuawa ili wengu wao utengenezewe dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Muguga karibu na Nairobi, daktari wa mifugo Walter Plowright pamoja na mwenzake Ferris walifanikiwa kudhoofisha kirusi cha sotoka kwa kukipandikiza mara kwa mara, karibu mara 90, katika seli za figo za ndama zilizooteshwa kwenye vyombo vya kioo. Kirusi walichoanza nacho kilitoka Kabete. Chanjo yao ilikuwa salama kwa kila aina ya ng'ombe, na kuitengeneza hakukuhitaji tena mbuzi wa kuchinjwa. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa.

Miaka michache kabla ya kazi hiyo kukamilika, mwaka 1959, Waingereza wawili, Russell na Burch, walichapisha kitabu kilichoweka kanuni inayotumika duniani kote mpaka leo: tumia njia isiyo na mnyama pale inapowezekana, punguza idadi, punguza mateso. Muguga ilionyesha kwa vitendo kwamba kanuni hiyo inaweza kuzaa dawa bora zaidi. Kutoka mbuzi hai hadi seli kwenye chupa, hilo ndilo rekebisho kubwa kuliko yote ambayo utafiti wa mifugo wa ukanda huu umewahi kufanya.

Kazi na wanyama inaendelea. Nairobi ina taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye kamati yake ya wanyama, na ina taasisi ya utafiti wa nyani iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa huko mwaka 2013, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 nchini Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, na akafa kwa uzee Januari 2022. Magawa hakupasuliwa wala kudungwa. Hata hivyo, aliyemfundisha alipaswa kujibu maswali yale yale: atafanya kazi saa ngapi, atalipwa chakula gani, atastaafu lini, na mpango ukibadilika nani ataambiwa.

Sheria tunazo. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, yenye sehemu nzima kuhusu majaribio. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008. Maombi ya vibali vya utafiti katika nchi zote mbili siku hizi hupitia mtandaoni. Lakini mwaka 2012 shirika la Uingereza linalopinga majaribio kwa wanyama, BUAV, lilifichua kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle walikuja kufanya majaribio ya ubongo jijini Nairobi kwa nyani waliokamatwa porini. Kwao Uingereza, nyani wa porini hawaruhusiwi kutumika isipokuwa kwa sababu ya kipekee kabisa. Swali lililobaki si la sheria ipi ilivunjwa. Ni kwa nini jambo linaloonekana zito mno kule liwe jepesi huku. Kamati zetu zinapopokea andiko kutoka ng'ambo zina haki, na wajibu, wa kulirudisha na maswali, mara mbili, mara tatu, mpaka majibu yaridhishe.

Limebaki jambo la lugha, na hapa ndipo Waswahili wanapoweza kufanya kitu ambacho mifumo ya wengine haijatufanyia. Mtafiti anayetaka kumtoa damu binadamu nchini Tanzania hutakiwa kuandaa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, ili mama wa kijijini ajue anachokubali. Mnyama hawezi kusoma wala kukubali. Anayesimama mahali pake ni mhudumu wa banda, yule anayefika alfajiri kubadilisha maji, kufagia na kuhesabu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika kila banda la utafiti mhudumu ndiye wa kwanza kujua kwamba ndama namba saba hajala tangu jana. Andiko linaloeleza ndama huyo aondolewe lini kwenye jaribio limeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, limo ndani ya mfumo ambao mhudumu hana nenosiri lake. Kila rekebisho linalopitishwa linabadilisha kazi ya mikono yake, naye huambiwa kwa mdomo, ikiwa ataambiwa.

Ulaya imeshaonyesha kwamba inawezekana. Kwa mujibu wa sheria yao ya mwaka 2010, mradi unaotumia wanyama kwa kawaida hutakiwa kuwa na muhtasari kwa lugha ya kawaida, unaochapishwa wananchi wausome. Hapa kwetu muhtasari wa namna hiyo ukiandikwa kwa Kiswahili ungewafaa watu wawili kwa pamoja: mjumbe wa kamati anayeiwakilisha jamii, ambaye hapaswi kuhesabiwa kama pambo la kikao, na mhudumu wa banda. Ukurasa mmoja unatosha. Utaje ni wanyama gani, wangapi, watafanyiwa nini, watapewa dawa gani ya maumivu na saa ngapi, dalili zipi zikionekana kazi isimame, na nani apigiwe simu usiku.

Watakaosema Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo wamesahau kwamba wafugaji wanazungumza habari za ndigana na kimeta kila siku bila kukwama. Mtafiti asiyeweza kumweleza mhudumu wake kwa Kiswahili kwamba panya akijikunyata na manyoya kusimama apewe dawa mara moja, huenda hajaelewa vizuri alichokiandika kwa Kiingereza.

Ombi basi linakwenda kwa tume za sayansi za Kenya na Tanzania, kwa vyuo vikuu na kwa kamati zao za maadili. Mnapoitengeneza upya mifumo yenu ya kuwasilisha maandiko, wekeni kisanduku cha muhtasari wa Kiswahili katika andiko la kwanza na katika kila rekebisho, na kiwe cha lazima, mfumo usikubali kupokea kikiwa kitupu. Rekebisho likiidhinishwa, ukurasa huo uchapishwe na ubandikwe mlangoni pa banda siku hiyo hiyo, ule wa zamani ubanduliwe, na mhudumu aweke saini kwamba ameusoma.